Kumwingiza mtumiaji kwenye tovuti ya nje bila kuandika nenosiri tena: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni kwa wasanidi na wasimamizi wa mifumo ya vyuo, hospitali, SACCOS na kampuni ambao watumiaji wao huingia kwenye mfumo wa ndani, kisha hulazimika kuingia upya kwenye Moodle (mfumo wa masomo mtandaoni), jukwaa la majadiliano au huduma nyingine iliyo kwenye kikoa tofauti.

Nataka mtumiaji akibofya kitufe kwenye mfumo wangu, afike tovuti ya pili akiwa ameshaingia. Inawezekana?

Inawezekana, kwa sharti moja: tovuti ya pili ikubali kuuamini mfumo wako. Kinachovuka kutoka upande mmoja kwenda mwingine si nenosiri. Ni taarifa fupi iliyotiwa saini, inayosema huyu ni nani, nani amemthibitisha, inaelekezwa kwa nani na inakoma saa ngapi. Tovuti ya pili huikagua saini, kisha humfungulia mtumiaji sesheni yake yenyewe. SAML, OpenID Connect, LTI na viungo vyenye tokeni ni namna tofauti za kupeleka taarifa hiyo hiyo. Njia zisizo nayo ndizo zinazowapotezea watu wiki nzima, kwa hiyo tunaanza nazo.

Seva yangu inaweza kuingia kule kwa curl (programu ya kutuma maombi ya wavuti bila kivinjari). Kwa nini nisichukue kuki ninayopewa nikampa mtumiaji?

Kwa sababu kivinjari chake hakitaipokea. Jibu linalotoka mfumo.example.com linaweza kuweka kuki ya mfumo.example.com au ya example.com. Likijaribu kuweka kuki ya kikoa kingine, kivinjari huitupa na mtumiaji haoni kosa lolote. Ndiyo maana curl inakurudishia 200 (alama ya kufanikiwa) na ukurasa wa ndani, huku mtumiaji akifika kule anakuta fomu ya kuingia. Iliyoingia ni seva yako. Kivinjari chake hakijaingia.

Wengine hujaribu kuzunguka hapo kwa proksi: seva yao inachota kila ukurasa wa tovuti ya nje na kumwonyesha mtumiaji. Kurasa za kwanza hufunguka vizuri. Halafu JavaScript inaanza kuita anwani za kikoa cha asili, upakiaji wa faili unagoma, na tovuti ya nje inaona watumiaji mia mbili wakitoka kwenye IP moja, hivyo inaizuia. Juu ya hayo, sesheni za watu wote sasa zimekaa kwenye seva yako.

Hali pekee ambapo kuki ya pamoja inafaa ni pale mifumo yote miwili ni yako na iko chini ya kikoa kimoja, kwa mfano mfumo.example.com na masomo.example.com. Hapo unaweza kuweka kuki yenye Domain=example.com na ghala moja la sesheni. Kumbuka tu kwamba kuki hiyo itatumwa kwa kila kikoa kidogo kilicho chini yake, pamoja na ile WordPress ya zamani ambayo hakuna anayeisasisha.

Fomu iliyofichwa inayojituma yenyewe kwenda kwenye ukurasa wa kuingia wa tovuti ya nje je?

Hili ndilo wazo linalorudi kuliko yote, na linavutia kwa sababu kwenye majaribio hukubali. Sababu za kuliacha ni hizi.

Nenosiri linaandikwa ndani ya HTML. Yeyote anayefungua chanzo cha ukurasa, au kiendelezi chochote cha kivinjari, analisoma. Ili uliandike hapo, lazima ulihifadhi kwa namna inayoweza kurudishwa kuwa maandishi ya kawaida, yaani huwezi kulihifadhi kama hashi. Siku hifadhidata yako ikivuja, umevujisha na akaunti za tovuti isiyo yako.

Kiufundi nako kuna vizuizi. Fomu nyingi za kuingia zina tokeni ya siri inayobadilika kila ukurasa unapofunguliwa; Moodle huiita `logintoken`. Tokeni hiyo imefungwa na sesheni ya kivinjari kilichofungua ukurasa, hivyo ukiichota kwa seva yako haitalingana na kivinjari cha mtumiaji. Tangu Februari 2020, toleo la 80 la Chrome lilipoanza kuichukulia kuki isiyo na maelezo kuwa SameSite=Lax, ombi la POST linalotoka kikoa kingine kwa kawaida haliambatani na kuki za tovuti inayopokea. Na ikiwa tovuti hiyo ina captcha au uthibitisho wa hatua mbili, fomu yako imekwama.

Na kuweka jina na nenosiri kwenye kiungo chenyewe?

Hapana. Hubaki kwenye historia ya kivinjari, kwenye logi za seva na za proksi zilizo njiani. Muundo wa `https://jina:nenosiri@tovuti` hufaa kwa uthibitisho wa Basic wa HTTP tu, haujazi fomu ya kuingia.

Nitajuaje tovuti ya nje inakubali njia gani?

Fungua mipangilio ya msimamizi utafute maneno SAML, OpenID Connect, OAuth 2, JWT, LTI au SSO (kuingia mara moja kwa mifumo yote). Huduma nyingi za kulipia huiweka SSO kwenye kifurushi cha juu tu, kwa hiyo angalia bei kabla ya kumwahidi mkuu wako. Usipoona kitu, waandikie wenye huduma na uulize mambo manne: wanapokea itifaki gani, mtumiaji anatambuliwa kwa sehemu gani, barua pepe au namba yake, akaunti mpya hufunguliwa zenyewe au lazima ziundwe kabla, na kama kuna mazingira ya majaribio. Jibu la swali la pili ndilo litakaloamua jinsi utakavyopanga data yako.

SAML au OpenID Connect?

Ukipewa nafasi ya kuchagua, chukua OpenID Connect. SAML 2.0 ni kiwango cha OASIS cha mwaka 2005, hutumia XML, na saini za XML ni ngumu kukagua bila kosa. OpenID Connect ilikamilika mwaka 2014 juu ya OAuth 2.0, hutumia JSON, na makosa yake husomeka. Lakini mara nyingi huchagui wewe: tovuti ya nje ikisema inapokea SAML peke yake, ni SAML. Vyuo vikuu vina sababu ya ziada ya kuijua, kwa kuwa mashirikisho ya utambulisho ya mitandao ya elimu, kama yale ya KENET nchini Kenya na RENU nchini Uganda, yamejengwa juu yake kwa kiasi kikubwa.

Kwa vyovyote usiandike kikagua saini cha SAML kwa mkono wako. Tumia maktaba iliyozoeleka, kama SimpleSAMLphp kwa PHP.

Nimeweka "Ingia kwa Google" kwenye mfumo wangu. Si ndiyo hiyo hiyo?

Ni upande wa pili wa jambo hilo. Pale Google ndiye mtoa utambulisho na wewe ni mpokeaji. Unapotaka kuwapeleka watumiaji wako kwenye tovuti nyingine, wewe ndiye unayegeuka mtoa utambulisho: ndiye unayetoa tokeni, unayetunza ufunguo wa kusaini na unayejibu maswali ya tovuti nyingine. Maktaba za wapokeaji hazitakusaidia hapa.

Kama watumiaji wako wote tayari wana akaunti za Google Workspace au Microsoft za taasisi, kuna njia nyepesi zaidi: unganisha mifumo yote miwili na mtoa utambulisho huyo. Mtu akishaingia upande mmoja, upande wa pili humpitisha bila kumwuliza nenosiri, na wewe hutunzi ufunguo wowote.

Nikihitaji kuwa mtoa utambulisho, nifanye nini hatua kwa hatua?

Simika programu iliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Keycloak ni ya bure, chanzo chake ni huria, na inazungumza OpenID Connect na SAML zote mbili.

Kwanza, unda realm mpya, yaani eneo lenye watumiaji na mipangilio yake. Ile iitwayo master iachie usimamizi wa Keycloak yenyewe. Pili, leta watumiaji, ama kwa kuunganisha LDAP (saraka ya watumiaji ya taasisi) au kwa kuwahamisha kutoka hifadhidata yako. Tatu, na hapa ndipo wengi hukosea, ufanye mfumo wako wenyewe uwe unaingia kupitia Keycloak. Ukiiacha fomu yako ya zamani ifanye kazi pembeni, Keycloak haitajua kwamba mtumiaji ameshaingia, na akienda tovuti ya nje ataulizwa nenosiri kama kawaida. Hakuna mpangilio wa upande wa pili unaoweza kurekebisha hilo.

Nne, isajili tovuti ya nje kama client: mpe kitambulisho, washa Client authentication, weka anwani kamili ya kurudi, kisha nakili siri. Anwani ya kurudi ilingane herufi kwa herufi, pamoja na https na mkwaju (/) wa mwisho. Kosa la redirect_uri karibu kila mara linatoka hapo. Usiweke alama ya nyota ili kukwepa usumbufu, kwa sababu nyota hiyo humruhusu mshambuliaji kuelekeza msimbo wa kuingia kwake. Tano, upande wa tovuti ya nje weka anwani ya realm. Inayobaki itaisoma yenyewe kutoka `/.well-known/openid-configuration`.

Kitufe kwenye mfumo wako sasa ni kiungo cha kawaida kinachoelekea mahali ambapo tovuti ya nje huanzisha kuingia. Kivinjari kinakwenda kule, kinarudishwa Keycloak, Keycloak inaona sesheni iliyopo, inatoa msimbo, na mtumiaji anaona ukurasa wa ndani bila kugusa kitu.

Keycloak ni kubwa kwangu. Mwenye tovuti ya pili yuko tayari kuandika msimbo kidogo. Tufanyeje?

Tumieni tokeni ya JWT (taarifa ya JSON iliyotiwa saini) ya muda mfupi. Iwe na `iss` (mfumo wako), `aud` (tovuti ya pili), `sub` (namba ya mtumiaji isiyobadilika), `iat` (saa ya kutolewa), `exp` (mwisho wa muda) isiyozidi sekunde 60 na `jti` (namba ya tokeni) ya nasibu. Kama pande mbili ni taasisi tofauti, saini kwa RS256 (funguo mbili, wa kusaini na wa kukagua) ili wao wawe na ufunguo wa kukagua tu. Kama mifumo yote ni yako, HS256 (siri moja kwa pande zote) inatosha, mradi siri iwe baiti 32 za nasibu au zaidi. Neno la kawaida hukisiwa kwa kompyuta ya mezani.

Upande unaopokea ufanye haya kwa mpangilio: ukubali algorithimu moja tu iliyoandikwa kwenye msimbo wake, usiisome kutoka kwenye tokeni, maana tokeni yenye alg ya none au iliyobadilishwa kutoka RS256 kwenda HS256 ni shambulio la siku nyingi; ukague saini, `iss`, `aud` na `exp`; uihifadhi `jti` kwa dakika mbili na kukataa ikirudi mara ya pili; uunde namba mpya ya sesheni, kwa PHP ni `session_regenerate_id(true)`; kisha umwelekeze mtumiaji kwenye anwani safi isiyo na tokeni.

Tokeni itumwe kwa POST inapowezekana. Ikibidi ipite kwenye anwani, ukurasa unaoipokea uweke `Referrer-Policy: no-referrer`.

Mambo mawili huharibu kazi nzuri hapa. La kwanza ni kuunda tokeni wakati ukurasa unapochorwa. Mtu anafungua ukurasa saa tatu asubuhi, anabofya saa tano, tokeni imekufa zamani. Kitufe kielekee kwenye anwani ya mfumo wako, na anwani hiyo ndiyo iunde tokeni pale pale na kumwelekeza. La pili ni base64 (namna ya kuandika data kwa herufi za kawaida) isiyobadilishwa ndani ya anwani: alama ya + hugeuka nafasi, na saini inakataliwa kwa baadhi ya watumiaji tu, mara hivi mara vile. Tumia base64url, ambayo maktaba za JWT huitumia tayari.

Njia hii ina udhaifu mmoja: mtu anaweza kumtumia mwenzake kiungo kinachomwingiza kwenye akaunti isiyo yake, na mwenzake akajaza taarifa zake humo bila kujua. Tiba ni safari ianzie tovuti inayopokea, itoe namba ya nasibu, na ikubali tu jibu lenye namba hiyo. Jibu la Discourse hapa chini linaonyesha namna.

Kwa Discourse, programu ya jukwaa la majadiliano?

Tumia DiscourseConnect. Discourse humleta mtumiaji kwenye anwani uliyoandika katika `discourse_connect_url`, ikiwa na vigezo `sso` na `sig`. `sso` ni base64 yenye nonce (namba ya nasibu ya safari hiyo). `sig` ni saini ya HMAC-SHA256 ya maandishi hayo ya base64 kwa siri mnayoijua wote wawili. Kagua saini, hakikisha mtumiaji ameingia kwako, tengeneza jibu lenye nonce ile ile, `email` na `external_id`, ligeuze base64, litie saini, kisha umrudishe kwenye `/session/sso_login`.

Saini hufanywa juu ya base64 kabla ya kuifunga kwa ajili ya anwani. Ukigeuza mpangilio, haitalingana kamwe. Linganisha saini kwa `hash_equals` ya PHP au `hmac.compare_digest` ya Python, si kwa alama mbili za usawa. Kama hujawahi kuthibitisha barua pepe za watumiaji wako, ongeza `require_activation=true`; bila hivyo mtu anaweza kujisajili kwako kwa barua pepe ya mwingine na kuikwapua akaunti yake kule. Kitufe chako kielekee `/session/sso?return_path=/`.

Kwa Moodle?

Kuna njia tatu zinazofaa. OAuth 2 imo ndani ya Moodle tangu toleo la 3.3 na inaungana vizuri na Keycloak. LTI 1.3 inafaa pale unapotaka kufungua somo au zana moja tu badala ya tovuti nzima.

Ya tatu ni plagini ya auth_userkey. Unawasha huduma za wavuti na REST, unaunda huduma yenye kazi moja, `auth_userkey_request_login_url`, na kumpa tokeni mtumiaji maalum wa mfumo. Mtu akibofya kitufe, seva yako inaiita kazi hiyo, inapewa kiungo cha kutumika mara moja, na inamwelekeza huko; ukiongeza `wantsurl` mwishoni anafikia somo unalotaka. Tokeni ya huduma ibaki kwenye seva, isionekane kamwe kwenye JavaScript ya kivinjari, kwa sababu aliye nayo anaweza kuingia kama mwanafunzi yeyote. Ukiwasha sharti la IP, tarajia malalamiko ya wanaotumia data ya simu, ambao IP yao hubadilika wakiwa njiani.

Mtumiaji asiye na akaunti upande wa pili atakuwaje?

Ama akaunti iundwe anapofika mara ya kwanza, ama iundwe mapema kwa API au SCIM (itifaki ya kuunda na kufuta akaunti). Ya kwanza ni rahisi, lakini haifuti akaunti ya aliyeacha kazi. Ya pili inaweza. Kwa vyovyote, muunganishe mtu kwa namba isiyobadilika, si kwa barua pepe. Barua pepe hubadilika mtu anapoolewa au kuhama idara, na taasisi nyingine humpa mgeni anwani iliyokuwa ya aliyeondoka. Mgeni huyo ataingia kwenye faili za mtangulizi wake.

Tokeni inakataliwa kwamba "bado haijaanza kutumika". Imesainiwa sasa hivi!

Linganisha saa za seva mbili kwa `date -u`, pamoja na saa iliyoandikwa ndani ya tokeni. Tofauti ikiwa sekunde 10,800, ambazo ni saa tatu kamili, jibu umelipata: mtu ameweka saa ya Afrika Mashariki kwa mkono kwenye seva inayodhani iko UTC, au msimbo unaandika saa ya hapa na kuweka Z (alama ya UTC) mwishoni kwenye SAML. Washa chrony (programu inayosawazisha saa ya seva), rudisha saa ya mfumo mahali pake, na usiongeze saa tatu popote kwenye msimbo. `time()` ya PHP haitegemei ukanda wa saa. Ruhusa ya tofauti ya sekunde 30 hadi 60 inatosha. Wanaopandisha ruhusa hadi saa kadhaa ili kosa liondoke wameondoa maana ya muda wa kuisha.

Mtumiaji anazungushwa kati ya tovuti mbili bila kufika.

Kuki ya sesheni inapotea njiani. Angalia kama safari ilianzia www na kurudi bila www. Angalia kama mfumo uko nyuma ya Nginx (proksi ya mbele) na unadhani uko http, kwa sababu kichwa cha X-Forwarded-Proto hakijapelekwa au programu haijaambiwa ikiamini. Kwa SAML, jibu huja kwa POST kutoka kikoa kingine, kwa hiyo kuki ya hali yenye Lax haitakuwepo; inahitaji SameSite=None pamoja na Secure. SameSite=Strict nayo huwafanya watu waonekane hawajaingia kwenye ukurasa wa kwanza, kisha wakisasisha wanaonekana wameingia.

Kwenye Chrome inakubali, kwenye iPhone inakataa.

Karibu hakika umeifungua tovuti ya nje ndani ya fremu. Safari huzuia kuki za tovuti ya tatu zote tangu Machi 2020. Fungua kwenye kichupo kipya na tatizo linaisha. Tovuti nyingi pia hukataza fremu kabisa kwa X-Frame-Options au frame-ancestors, na hilo huwezi kulibadilisha kutoka upande wako.

Akitoka kwenye mfumo wangu, kule anatoka pia?

Hapana, mpaka mpange hivyo. Kwenye kompyuta za maabara au mapokezi hili ni hatari, maana anayeketi baadaye anakuta sesheni ya mwenzake. OpenID Connect ina kutoka kwa njia ya seva kwa seva, na hiyo inategemeka kuliko ile ya kupitia kivinjari. Kama tovuti ya nje haiungi mkono lolote, omba ifupishe muda wa sesheni.

Tovuti ya nje ni ya benki au ya serikali na haina SSO yoyote.

Usijenge chochote. Masharti ya huduma hizo kwa kawaida hukataza kumpa mwingine nenosiri, na ukishalihifadhi nenosiri la mtu wewe ndiye unayebeba dhamana yake chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ya Tanzania au Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 ya Kenya. Uliza kama wana API inayokupa data unayoitaka. Wasipokuwa nayo, wape wafanyakazi programu ya kutunza nenosiri kama Bitwarden. Ijaze fomu kwenye kivinjari chao, nawe usione kitu.

Nipime nini kabla ya kuwafungulia wote?

Washa "Preserve log" kwenye zana za kivinjari ili uone kila hatua ya kuelekezwa. Kwa SAML, kiendelezi cha SAML-tracer hukusomea ujumbe wenyewe. Usibandike tokeni za watumiaji halisi kwenye tovuti za kuzifungua.

Jaribu na mtumiaji mpya kabisa, aliyezuiwa, mwenye jina moja tu, na mwenye jina kama Ng'ang'a au Ng'wandu, kwa sababu alama hiyo huvunja XML, SQL na saini zilizoandikwa kwa haraka. Tuma tokeni ile ile mara mbili. Ya pili ikikubaliwa, usifungue. Badilisha herufi moja ya tokeni na uitume. Badilisha `aud`. Weka anwani ya tovuti nyingine kwenye `return_to` au RelayState (vigezo vya anwani ya kurudi) uone kama mtumiaji anapelekwa huko.

Mwisho, andika tarehe ya kuisha kwa cheti cha kusaini cha SAML kwenye kalenda ya idara, mwezi mmoja kabla, pamoja na jina la mtu wa upande wa pili atakayebadilisha cheti siku hiyo hiyo.